Daudi Ndani ya Pango: Je, Kuna Heshima Katika Kuua Kiongozi?

SOMO LA FAMILIA
Maandiko ya kusoma: 1 Samweli 22:11-19, 1 Samweli 24, Warumi 12:17-21



Vijana wetu wa Base Camp, Juru na Rubondo wanapenda filamu za vita, na wakitoka kwenye kibanda cha video wanarudi na maswali. Sisi wazazi tusiyakimbie. Tuchukue mfano mmoja. Katika Star Trek: Deep Space Nine, mfululizo wa televisheni wa Marekani ulioonyeshwa kuanzia 1993 hadi 1999, kuna taifa la kubuni liitwalo Waklingoni, watu wa nyota za mbali ambao kwao heshima ya askari ni kitu kikubwa kuliko uhai. Mkuu wao, Gowron, anawapeleka askari kufa bure vitani kusudi amwaibishe jemadari Martok anayependwa na watu. Afisa mmoja, Worf, anamkabili mbele ya wakuu, wanapigana, naye anamwua. Kisha anapewa kiti cha utawala, anakikataa, anampa Martok.

Kijana akiona hayo atasema: "Baba, huyu alifanya vizuri. Kiongozi mbaya ameondoka, na aliyemwua hakutafuta cheo." Tumjibu nini?

Kwanza, tumkumbushe kwamba filamu huisha, lakini damu haiishi. Sisi tumeona yanayofuata. Patrice Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Mwaka huohuo, tarehe 13 Oktoba, Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore alipigwa risasi Burundi. Tarehe 21 Oktoba 1993 askari walimwua Rais Melchior Ndadaye, na baada yake raia wa makabila yote mawili wakafa kwa maelfu na wengine wakakimbia nchi. Katika nyumba zetu hapa Nakivale, wengine walizaliwa ukimbizini kwa sababu ya usiku mmoja kama huo.

Pili, tumpeleke pangoni Engedi. Sauli alikuwa anamwinda Daudi bila kosa, na alikuwa ameshawaua makuhani wa Bwana. Siku hiyo akaingia peke yake katika pango ambamo Daudi amejificha. Watu wa Daudi walimwambia kwamba Mungu mwenyewe ameleta nafasi hiyo. Angalieni: walimpa sababu ya dini! Daudi akakata upindo wa vazi tu, na hata hilo likamchoma moyo. Lakini hakunyamaza. Alitoka nje, akamwita Sauli, akamwambia wazi mbele ya jeshi lote kwamba anamtendea mabaya. Aliuzuia mkono wake, hakuuzuia mdomo wake.

Tatu, wajibu una mpaka wake. Sauli alipowaamuru walinzi wake wawaue makuhani wa Nobu, walinzi walikataa kuinyosha mikono yao. Walikuwa askari wa mfalme, wamekula mkate wake, lakini walijua amri hiyo haikutoka kwa Mungu. Doegi Mwedomi akatii, akawaua watu 85. Doegi alitimiza agizo, na jina lake limebaki aibu. Majina ya wale walinzi hatuyajui, lakini heshima yao tunaisoma hadi leo.

Mambo haya yametokea pia Uganda, nchi iliyotupokea. Askofu Mkuu Janani Luwum aliongoza jimbo la Kanisa Anglikana lililounganisha Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire, yaani nchi za wengi wetu. Usiku wa tarehe 5 Februari 1977 askari wa Idi Amin walipekua nyumba yake wakitafuta silaha. Maaskofu wakamwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji na maovu ya askari. Tarehe 16 Februari Luwum alishtakiwa hadharani mjini Kampala kwamba anapanga kupindua serikali. Akauawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ilitangaza kwamba ni ajali ya gari. Leo Uganda inaadhimisha tarehe hiyo kila mwaka kama sikukuu ya taifa.

Luwum hakushika bunduki, wala hakukaa kimya. Alifanya kama Daudi nje ya pango.

Mwenzake, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, alikimbia na mke wake kwa miguu usiku, wakivuka milima hadi Rwanda. Naye akawa mkimbizi kama sisi. Huko ugenini akatoa kitabu ambacho kichwa chake kinasema anampenda Idi Amin. Wengi walishangaa. Hakusema kwamba Amin alitenda haki. Alikataa chuki isimtawale.

Ndugu, tuseme ukweli. Kuna kijana hapa ambaye tangu utoto anaambiwa: "Waliomwua baba yako unawajua. Mwanaume wa kweli hasahau." Tukimwambia hivyo kila jioni, tunamlea Doegi. Kesho atakuja mtu kumwandikisha jeshini msituni, na atakuta sisi tumeshaifanya kazi yake. Kumbukeni pia kwamba yule tunayepanga naye foleni ya maji anaweza kuwa na kaburi lake la kulilia.

Hatusemi msahau wafu wenu. Wasimulieni watoto jinsi baba yao alivyoishi, si jinsi alivyokufa tu. Mwenye ushuhuda autoe mbele ya sheria. Kisasi tumwachie Bwana.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI
1. Watu wa Daudi walitumia jina la Mungu vibaya namna gani? Nani anafanya hivyo leo?
2. Mlinzi wa Sauli aliyekataa amri alihatarisha nini?
3. Watoto wetu wanasikia nini tunapozungumza juu ya watu wa kabila lingine?

TUOMBE: Ee Bwana, tupe ujasiri wa kusema ukweli na mikono isiyomwaga damu. Wafariji wajane na yatima wa kila upande. Amina.