Kabla Hujaenda Kariakoo: Kuchagua bila Kupoteza Amani



Kijana mwenzangu, umejinyima miezi kadhaa, akiba imetimia, na sasa unataka kujiundia kompyuta yako nyumbani. Ila tangu uanze kuulizia bei, usingizi umekwisha. Prosesa ya Intel au ya AMD? RAM ya gigabaiti 16 itatosha? Nikinunua leo, kesho si itatoka mpya? Saa sita usiku bado uko kwenye simu unalinganisha bei, na sala ya jioni imepita hivi hivi.

Kufikiri kabla ya kununua si dhambi. Katika Luka 14:28 Yesu anatoa mfano wa mjenzi wa mnara anayepiga hesabu kwanza. Hesabu ina mwisho wake. Wasiwasi hauna, na ndio unaokuibia amani.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, katika Mazoezi ya Kiroho, kitabu kilichochapwa mwaka 1548, anatufundisha namna ya kuchagua. Tuchukue mambo matatu.

1. Anza na lengo. Inyasi anaona kwamba wengi huchagua njia kwanza, halafu ndipo hutafuta lengo la kuifuata. Jiulize: mashine hii ni ya kazi gani? Kama ni kusoma, kuandika na kurekodi kwaya ya parokia, kadi ya picha ya bei mbaya ya nini? Kama ni kuhariri video, hela iende kwenye prosesa na RAM. Lengo likijulikana, maswali mengi yanajifuta yenyewe.

2. Tenganisha kinachobadilika na kisichobadilika. Kwa Inyasi, ndoa na upadre ni uchaguzi usiorudiwa. Mambo ya mali yanaweza kubadilishwa. Hata kwenye kompyuta, RAM na diski utaongeza baadaye. Mazabodi ndiyo inayoamua mengi: prosesa gani itakaa, na RAM ipi itaingia, maana ya DDR4 haikai kwenye nafasi ya DDR5. Hapo tulia, uliza. Na sisi wa Bagamoyo, Zinga na Kerege tunaujua umeme unaokatika na kurudi ghafla, tena upepo wa bahari una chumvi inayoleta kutu. Basi usibanie hela ya pawasaplai nzuri na UPS, na mashine usiiweke karibu na dirisha.

3. Mshauri mgeni. Inyasi anasema: mfikirie mtu usiyemjua, lakini unayemtakia mema. Mwenye hela kama zako na kazi kama yako ungemwambia anunue nini? Pengine ungemjibu ndani ya dakika tano. Basi jibu hilo lichukue wewe.

Ukishanunua, acha kulinganisha. Inyasi anafundisha kwamba aliyechagua vizuri hana haja ya kuchagua upya. Ajibidiishe katika alichochagua. Wazee wetu walishasema, mchagua jembe si mkulima.

Mkumbuke Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Alitumia kompyuta kukusanya habari za miujiza ya Ekaristi. Leo nani anauliza mashine yake ilikuwa na RAM kiasi gani?

Tafakari: Kompyuta yangu itamsaidia nani zaidi yangu? Wiki hii wasiwasi umeninyima nini: sala, usingizi, au muda na ndugu zangu?

Zoezi: Kabla ya kupanda gari kwenda Kariakoo, pita kanisani. Kaa kimya dakika kumi mbele ya Ekaristi, ukiwa na orodha yako mfukoni.

Tusali: Ee Bwana, nipe busara ya kuhesabu na imani ya kuacha kuhesabu. Kazi ya mikono yangu ikutukuze Wewe. Amina.