Sakafu ya Mbao Orofani: Itengenezwe Kabla ya Kutandikwa Mawe

Watu wengi wenye nyumba za orofa hupenda kutandika vigae vya mawe juu ya sakafu ya mbao. Kazi hii yawezekana, lakini isipotangulizwa matengenezo, vigae hupasuka na fedha hupotea. Sababu yake ni hii: mbao hupindika zikanyagwapo, na hutanuka zikipata unyevu, jiwe halipindiki, bali huvunjika.

Kwanza, hesabu uzito. Kigae cha marumaru chenye unene wa milimita 10 huwa na uzito wa kilo 27 hivi kwa mita moja ya mraba. Basi chumba cha mita 3 kwa 4 kitabeba zaidi ya kilo 320 za mawe peke yake, mbali na gundi, vyombo na watu.

Pili, kagua boriti. Ng'oa mbao chache, utazame kama boriti zimeoza, zimeliwa na mchwa au zimekatwa ili kupitisha mabomba. Iliyo mbovu ibadilishwe. Kanuni itumiwayo na mafundi wa mawe huko Marekani ni kwamba boriti isipindike zaidi ya sehemu moja katika 720 ya urefu wake kati ya kuta. Boriti ya mita 3.6, kwa hiyo, isishuke zaidi ya milimita 5. Kwa vigae vya udongo huruhusiwa maradufu ya hapo. Zikiwa dhaifu, fungia boriti mpya kando ya zile za zamani, na katikati yake upigilie vipande vya mbao vya kukingama. Jambo hili aliamue fundi mjuzi wa majengo, maana walalao chini wanaitegemea dari hiyo.

Tatu, kaza mbao za sakafu kwa skrubu, wala si kwa misumari, ambayo hulegea. Juu yake tandika plaiwudi, viungo vyake visikae juu ya viungo vya chini. Acha nafasi ya milimita 3 kati ya ubao na ubao, na nafasi kubwa zaidi kando ya ukuta, ili mbao zipate pa kutanukia.

Nne, weka bodi za saruji, kisha utumie gundi ya vigae inayonyumbuka kidogo. Saruji ya kawaida haifai kupakwa moja kwa moja juu ya mbao. Bafuni, paka kwanza dawa ya kuzuia maji, kwani maji yapenyayo huozesha boriti pasipo mtu kuona.

Mwisho, usimlipe fundi aanze kutandika kabla hujamwuliza: Je, boriti umezipima? Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Na ukuta huu u juu ya vichwa vya watoto wako.