Chaneli Gani Tumpendekezee Mwenzetu?

Ndugu msomaji, mtu aliyeingia karibuni katika Jumuiya, na hali kadhalika yule ambaye bado anachunguza, huuliza mara kwa mara swali hili: "Nitazame chaneli gani?" Wazee wetu waliuliza, "Nisome kitabu gani?", wakaazimwa kitabu kimoja, wakakaa nacho mwezi mzima. Muulizaji wa leo anayo simu mkononi, na ndani ya simu hiyo mna wahubiri wasio na idadi, wa kila dini na kila madhehebu, wakisema usiku na mchana. Nasi tunaoulizwa mara nyingi hujibu kwa haraka mno. Tunamtajia majina matano kwa pumzi moja, au tunampelekea video ambayo wenyewe tumetazama dakika zake mbili za mwanzo tu, kisha tunadhani tumekwisha fanya tabligh.

Jambo hili si dogo. Katika Sura Nisaa, aya ya 86, Mwenyezi Mungu anatufundisha ya kuwa mwenye kufanya shafaa njema atapata fungu katika hiyo, na mwenye kufanya shafaa mbaya atabeba sehemu ya mzigo wake. Wengi wakisikia neno shafaa huikumbuka Siku ya Kiyama peke yake. Lakini asili ya neno hilo katika Kiarabu ni kukifanya kilicho kimoja kuwa viwili, yaani kukiunganisha kitu na chenzake. Basi mtu anayemwendea mwingine akamwambia, "Msikilize fulani, ni msema kweli," amejiunganisha na huyo fulani. Maneno ya fulani yakimwongoza msikilizaji, aliyependekeza anayo sehemu yake katika heri hiyo. Yakimtia chuki, au yakamfundisha uwongo juu ya dini ya mtu mwingine, hawezi kujitetea kwa kusema kwamba yeye alituma tu.

(Msomaji mgeni asitatizike akifungua msahafu mwingine akaikuta aya hiyo kuwa ya 85. Katika tafsiri zetu Bismillahi mwanzoni mwa sura huhesabiwa kuwa aya ya kwanza, isipokuwa Sura Tauba ambayo haina Bismillahi, kwa hiyo hesabu yetu huzidi kwa moja. Utatazama mijadala ambamo mtu anataja aya ya 157 ya Sura Nisaa juu ya kusulubiwa kwa Nabii Isa a.s., na Mwahmadiyya anataja ya 158. Wote wawili wanasoma aya ile ile moja. Sura Fatiha haibadiliki, maana Bismillahi yake huhesabiwa pia katika misahafu mingi ya wengine.)

Tena katika Sura Bani Israil, aya ya 37, tunakatazwa kufuata jambo tusilo na elimu nalo, na tunaambiwa kwamba sikio, jicho na moyo, vyote hivi vitaulizwa. Zingatia ya kuwa sikio na jicho vimetajwa pamoja. Video hutumia vyote viwili kwa wakati mmoja, na kwa njia hiyo huingia moyoni upesi kuliko karatasi.

Hapa yafaa tueleze namna video inavyofika machoni petu, kwa sababu wengi hudhani kwamba iliyotangulia katika kioo cha simu ndiyo iliyo bora. Mtandao wa YouTube ulianzishwa mwaka 2005. Hapo mwanzo video ilipimwa zaidi kwa idadi ya watu walioifungua. Mwaka 2012 mtandao huo ukabadili kipimo chake, ukaanza kuthamini zaidi muda ambao mtazamaji anaendelea kutazama. Mwaka 2018 mkuu mmoja wa kampuni hiyo alieleza hadharani kwamba zaidi ya asilimia 70 ya muda ambao watu hutazama hutokana na video walizopendekezewa na kompyuta zake. Mwaka 2019 kampuni ikatangaza kwamba itapunguza kupendekeza video zenye kupotosha watu, na tangazo hilo latosha kutuonyesha kwamba zilikuwa zikipendekezwa.

Kompyuta hizo hazina dini wala uadui na dini. Shabaha yao ni kutabiri kitakachomzuia mtu asiondoke. Na mwanadamu, kwa udhaifu wake, huzuiwa zaidi na ugomvi kuliko na maelezo ya aya. Mchunguzi akitazama mjadala mmoja ambao masheikh wawili wanakaripiana, ataletewa mwingine, na wa tatu, na baada ya juma moja atadhani kwamba Uislamu wote ni makaripio. Kwa hiyo pendekezo la mwanadamu mwenye hofu ya Mungu lina kazi kubwa leo kuliko zamani. Kompyuta haitasimama Akhera kujibu juu ya ilichokuletea, lakini ndugu yako anayekupendekezea chaneli atasimama.

Je, tupime kwa mizani gani? Mizani tunayo, na ni ya kale. Waislamu wa karne za mwanzo walipofikiwa na maneno mengi yaliyonasibishwa kwa Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w., hawakuuliza ni wangapi wanaoyapenda maneno hayo. Waliuliza: umeyapata kwa nani, na yeye aliyapata kwa nani? Hiyo ndiyo isnadi. Juu ya kila msimulizi waliuliza mambo mawili mbalimbali. La kwanza, ni mwadilifu, yaani ni mkweli na mchaji Mungu? La pili, je, ana dhabti, yaani huhifadhi sawasawa na kufikisha kama alivyosikia? Imamu Malik, aliyefariki mwaka 795 huko Madina, alijulikana kwa kuwaacha watu wachaji Mungu wa mji wake asichukue Hadithi kwao, kwa kuwa hawakuwa wajuzi wa kazi hiyo. Na Imamu Muslim, aliyefariki mwaka 875, ameingiza katika utangulizi wa Sahihi yake onyo la Mtume s.a.w. kwamba yatosha mtu kuwa mwongo kwa kusimulia kila anachokisikia.

Tuyalete hayo mawili katika chaneli. Msemaji aweza kuwa na sauti ya kuliza watu, na maisha yake yakawa mema, lakini akawa hataji kitabu hata kimoja. Huyo ni mwadilifu asiye na dhabti. Mwingine hutaja juzuu na ukurasa kwa ufasaha, lakini husoma nusu ya sentensi na kuificha nusu; huyo ana hifadhi, uadilifu hana. Wa kwanza msikilize kwa mawaidha, usijifunze kwake historia. Wa pili usimpendekeze kwa mtu yeyote.

Hatari ya huyu wa pili Waahmadiyya tunaijua kwa uzoefu, na mchunguzi hana budi kukutana nayo. Atapelekewa video inayoonyesha ukurasa wa Kiurdu uliopigiwa mistari myekundu, na msemaji atadai kwamba Seyidna Ahmad a.s. amemtukana Nabii Isa a.s. Kitabu kinachoonyeshwa mara nyingi ni Anjam-i-Atham, kilichotolewa mwaka 1897. Sasa kitabu hicho kiliandikwa wakati gani? Kiliandikwa wakati ambapo baadhi ya mapadre huko Bara Hindi walikuwa wakimtukana Mtukufu Mtume s.a.w. kwa matusi mazito katika vitabu vyao. Seyidna Ahmad a.s. akawajibu kwa kutumia Injili zao wenyewe, akiwaonyesha jinsi Yesu wanayemsimulia angeonekana kama angepimwa kwa kipimo wanachompimia Mtume wetu. Naye akaeleza waziwazi kwamba hamsemi Isa mwana wa Mariamu, Nabii wa Mungu, anayetajwa na Kurani Tukufu. Maelezo hayo hayaonyeshwi katika video. Wala haonyeshwi watazamaji kwamba mtu huyo huyo, katika Masih Hindustan Mein, kitabu alichokiandika mwaka 1899, amefanya utafiti mrefu kumwokoa Nabii Isa a.s. na kifo cha laana msalabani.

Simwambii mchunguzi asitazame video za wapinzani wetu. Azitazame akitaka. Lakini asiishie kwenye kioo. Vitabu vya Seyidna Ahmad a.s. vimekusanywa katika juzuu 23 ziitwazo Ruhani Khazain, navyo vimewekwa bure katika tovuti ya Jumuiya, alislam.org. Anjam-i-Atham kimo katika juzuu ya 11. Mtu asiyejua Kiurdu amwombe muallim amsomee ukurasa uliotangulia na ukurasa unaofuata. Na iwe sheria juu yetu sisi pia! Mwahmadiyya anayesambaza kipande cha sekunde thelathini ambamo sheikh wa madhehebu nyingine anaonekana mjinga, bila ya kujua alisema nini kabla na baada ya hapo, ametenda dhambi ile ile tunayoilalamikia. Sura Hujurat, aya ya 7, inayotuamuru tuchunguze habari tunazoletewa, haikuteremshwa kwa ajili ya habari za maadui peke yake.

Sasa nitaje ninazozipendekeza mimi, na sababu zake. Ya kwanza ni hotuba ya Ijumaa ya Hadhrat Khalifatul Masih wa Tano a.t.b.a. katika MTA. Hotuba za Khalifa zilianza kurushwa kwa setilaiti mwaka 1992. MTA yenyewe ikaanza matangazo yake ya kila siku Januari 1994, na mwaka 2016 ikafunguliwa MTA Africa. Siku hizi hotuba hutoka zaidi katika Masjid Mubarak, Islamabad. (Hii ni Islamabad ya Tilford, Uingereza, msiichanganye na mji mkuu wa Pakistani.) Hutolewa mchana wa huko, nasi Afrika Mashariki huipata alasiri, pamoja na tafsiri ya Kiswahili. Kwa mwenye kuingia karibuni nampendekezea hasa mfululizo mrefu juu ya masahaba waliopigana Badr, ulioanza mwaka 2018. Humo kila tukio hutajiwa kitabu lilimotoka, na pale wanahistoria wanapohitilafiana mtazamaji huelezwa kwamba wamehitilafiana. Aliyezoea kusikiliza hivyo kwa miezi michache hatadanganywa kwa urahisi na msemaji asiyetaja asili ya maneno yake.

Ya pili, kwa mwenye maswali magumu, ni vikao vya maswali na majibu vya Hadhrat Mirza Tahir Ahmad r.h., Khalifa wa Nne, aliyehamia London mwaka 1984. Wakristo, wasioamini Mungu na Waislamu wa madhehebu mbalimbali walimwuliza walichotaka, naye akajibu papo hapo. Picha ni za kizamani, na sauti mara nyingine hukwaruza. Vingi ni vya Kiingereza na Kiurdu, basi asiyezijua lugha hizo msimsumbue navyo.

Ya tatu haitoki kwetu. Anayejifunza kusoma Kurani Tukufu ajipatie usomaji wa Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, aliyefariki mwaka 1980. Yeye ndiye aliyerekodi kwanza Kurani yote kwa usomaji wa tartili, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Husoma polepole, kila herufi mahali pake, hata mzee wa miaka sitini aliyesilimu jana aweza kumfuata kwa kidole. Elimu njema haiulizwi kabila.

Na kwa vijana wenye mitihani, chaneli ya Khan Academy. Salman Khan wa Marekani alianza mwaka 2004 kwa kumfundisha hesabu binamu yake aliyekuwa mji mwingine. Mwaka 2006 akaanza kuweka masomo YouTube, na mwaka 2008 akaifanya kazi hiyo kuwa shirika lisilotafuta faida. Uso wa mwalimu hauonekani, ila maandishi yake tu juu ya ubao mweusi. Nimeitaja katika somo la dini kwa makusudi, maana mzazi anayemnyang'anya mtoto simu bila ya kumwonyesha kizuri cha kutazama hajamaliza kazi yake.

Mijadala ya ubishi, hata ile ambayo upande wetu umeshinda, siipendekezi kuwa chakula cha kwanza. Mtu asiyejua bado kusali hafai kuanza kwa kujua jinsi ya kumnyamazisha padre.

Tena unapopendekeza, pendekeza kidogo na kwa maelezo. Mwambie ni video gani, inachukua muda gani, ni ya lugha gani, na jibu analolitafuta liko dakika ya ngapi. Kifurushi cha intaneti ni fedha, na video ya saa moja yaweza kummalizia mtu kifurushi chake cha siku nzima. Iliyo ya maneno tu, aipunguze ubora wa picha hadi chini kabisa, hapotezi kitu. Mfundishe pia kuzima ile sehemu inayojianzishia video nyingine ya kwanza inapokwisha. Kisha, baada ya siku mbili tatu, mrudie umwulize ameelewa nini. Wengi wetu hatufanyi hivyo, na huko ndiko shafaa inakokatika.

Limebaki jambo moja. Chaneli hubadilika. Mtu aliyefundisha vizuri mwaka jana huona kwamba makelele yanamletea watazamaji wengi, naye akageuka. Wanazuoni wa Hadithi walijua jambo hili: msimulizi ambaye hifadhi yake iliharibika uzeeni, walipokea aliyoyasimulia kabla, wakayaacha ya baadaye, tena wakaandika jina lake ili wengine wajue. Basi ukiona chaneli uliyoisifu imeharibika, wapitie wale wote uliowapa jina lake, mmoja mmoja, uwaambie ni video zipi za zamani bado zinafaa na ni tangu lini wasiifuate tena.