Kununua Pete ya Yakuti Samawi: Yanayosemwa na Yanayoandikwa

Utangulizi

Anayenunua mchele huutazama punje kwa punje, na anayenunua kitenge hukipapasa kabla ya kulipa. Mnunuzi wa pete yenye jiwe la bluu hana fursa kama hiyo. Anapokea jiwe, na pamoja nalo anapokea maneno: kwamba jiwe ni yakuti samawi, kwamba limechimbwa ardhini, kwamba halikuchomwa moto ili lipate rangi, kwamba pete yenyewe ina umri wa miaka mia moja. Jicho la kawaida haliwezi kuthibitisha hata neno moja kati ya hayo, ilhali sehemu kubwa ya bei ni malipo ya maneno hayo.

Somo hili linamfundisha mnunuzi wa kawaida mambo manne ya kuuliza kuhusu yakuti samawi, ambayo wafanyabiashara wengi wa vito huiita safaya. Pia linaeleza namna ya kuyageuza majibu ya muuzaji kuwa ahadi inayoweza kudaiwa.

Tuanze na mfano wa kubuni. Kijana anayejiandaa kuposa ameweka akiba ya shilingi 3,000,000. Dukani anaonyeshwa pete ya dhahabu yenye jiwe la bluu, na muuzaji anamwambia, "Hii ni pete ya miaka ya 1920, safaya ya asili." Kijana analipa na kupewa stakabadhi iliyoandikwa "pete moja ya dhahabu". Miezi kadhaa baadaye pete inapimwa katika maabara ya vito. Dhahabu ni halisi na umri wa pete ni wa kweli, lakini jiwe limetengenezwa kiwandani. Anaporudi dukani, muuzaji anajibu kwamba aliuza pete ya dhahabu, na pete ya dhahabu ndiyo aliyoitoa. Tutaurudia mfano huu mwishoni.

Swali la kwanza: Jiwe hili ni nini?

Yakuti samawi ni aina ya madini yaitwayo korandamu, ambayo ni muungano wa alumini na oksijeni. Korandamu nyekundu huitwa yakuti. Zenye rangi nyingine zote huhesabiwa kuwa safaya, ziwe za bluu, njano, kijani, waridi au zambarau. Rangi ya bluu hutokana na chembe ndogo za chuma na titani. Nchini Tanzania mawe haya hupatikana katika Bonde la Umba mkoani Tanga, ambalo linasifika kwa rangi nyingi zisizo za kawaida, na pia Tunduru na Songea mkoani Ruvuma.

Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, yakuti samawi ina daraja la 9, na almasi peke yake, yenye daraja la 10, huipita. Jambo hili lina maana kubwa kwa pete ya kuvaliwa kila siku. Mchanga wa kawaida, ambao huwa ndani ya vumbi la nyumbani, una ugumu wa 7. Tanzanaiti, inayochimbwa Mererani pekee, ni madini mengine kabisa yaitwayo zoisaiti, na ugumu wake ni kati ya 6 na 7. Kwa hiyo vumbi linaweza kuikwaruza tanzanaiti, lakini haliwezi kuikwaruza yakuti samawi. Yote mawili ni mawe mazuri, ila anayetaka pete ya kuvaa jikoni, shambani na ofisini sharti ajue lipi analinunua.

Jihadhari na majina yanayofanana. Jiwe liitwalo "safaya ya maji" kwa kawaida ni ayolaiti, madini tofauti na ya bei ndogo zaidi. Spineli, kayanaiti na hata kioo cha bluu pia huweza kudhaniwa kuwa yakuti samawi. Neno la ziada linapowekwa mbele au nyuma ya jina la kito, muulize muuzaji maana yake.

Swali la pili: Limetoka ardhini au limetengenezwa?

Wengi huamini kwamba pete ya zamani haiwezi kuwa na jiwe la kutengenezwa. Imani hiyo si sahihi. Mwaka 1902 mwanakemia wa Ufaransa, Auguste Verneuil, alitangaza njia ya kutengeneza yakuti kwa kuyeyusha unga wa alumini oksidi katika ndimi za moto. Haikupita miaka mingi kabla ya yakuti samawi nayo kutengenezwa kwa njia hiyo, na masonara wa Ulaya na Marekani wakaitumia kwa wingi katika pete za miaka ya 1920 na 1930. Aidha, jiwe la pete ya kale huweza kupotea au kuvunjika, kisha likawekwa jingine. Umri wa pete, basi, si ushahidi wa asili ya jiwe.

Ni vyema pia kutofautisha jiwe la kutengenezwa na jiwe la bandia. Yakuti samawi ya maabara ni korandamu kamili. Ugumu na mng'aro wake ni sawa na wa ile iliyochimbwa. Kioo kilichotiwa rangi ni bandia, kwa sababu si korandamu hata kidogo. Kununua jiwe la maabara si kosa wala aibu, ilimradi mnunuzi ajue analinunua na alipe bei yake, ambayo ni ndogo sana ikilinganishwa na ya jiwe la asili lenye sura kama hiyo.

Omba lenzi ya sonara inayokuza mara 10. Jiwe la asili mara nyingi huwa na madoa ya ndani, nyuzi nyembamba kama hariri, au mistari ya rangi iliyonyooka na yenye pembe. Jiwe lililotengenezwa kwa njia ya Verneuil huweza kuonyesha mistari iliyopinda kama tao, na viputo vya gesi. Jiwe kubwa, safi kabisa, lenye bluu iliyokolea na bei ndogo, linastahili kutiliwa shaka. Hata hivyo, dalili hizi humsaidia mnunuzi kuuliza tu. Uamuzi wa mwisho ni wa maabara.

Swali la tatu: Limefanyiwa nini?

Mawe mengi ya yakuti samawi yaliyoko sokoni yamechomwa katika tanuri lenye joto kali ili rangi ikolee na ukungu wa ndani upungue. Kazi hii imekubalika katika biashara, na matokeo yake ni ya kudumu. Lakini jiwe zuri lisilochomwa ni adimu, na bei yake huwa juu. Kwa sababu hiyo neno "halijachomwa" ni neno la fedha, na halipaswi kukubaliwa kwa mdomo.

Zipo njia nyingine ambazo mnunuzi ana haki ya kuelezwa waziwazi:

a) Kupenyeza rangi. Jiwe huchomwa pamoja na titani au berili ili rangi iingie kutoka nje. Rangi ya titani mara nyingi hukaa karibu na uso tu. Jiwe likisuguliwa upya, rangi hiyo huweza kuondoka.

b) Kujaza kioo. Nyufa za jiwe duni hujazwa kioo chenye risasi au kobalti. Jiwe la namna hii halina nguvu. Joto la tochi ya sonara anayetengeneza pete, na hata tindikali ya limau, vinaweza kukiharibu kioo hicho na kuziacha nyufa wazi.

Kabla ya kupeleka pete yoyote kwa fundi ili ipanuliwe au ipunguzwe, mweleze fundi jiwe limefanyiwa nini. Kama hujui, mwombe asilipashe joto kabla ya kulichunguza.

Swali la nne: Limetoka wapi, na pete ina umri gani?

Majina ya mahali hupandisha bei. Yakuti samawi za Kashmir, zilizogunduliwa mnamo mwaka 1881 na kuchimbwa kwa wingi kwa miaka michache tu, huuzwa kwa bei kubwa kuliko nyingi za kwingineko. Zile za Myanmar na Sri Lanka nazo zina sifa za muda mrefu. Pete maarufu ambayo Diana Spencer alivishwa mwaka 1981, na ambayo Catherine Middleton alivishwa mwaka 2010, ina yakuti samawi ya Sri Lanka iliyozungukwa na almasi. Mtindo huo umeigwa duniani kote. Lakini jina la nchi halilipi jiwe uzuri. Jiwe la Tunduru lenye rangi hai ni bora kuliko jiwe lililofifia la nchi yenye sifa. Tena, maabara inapotaja mahali jiwe lilikotoka, hutoa maoni ya kitaalamu yanayotokana na dalili zilizomo ndani ya jiwe. Muuzaji anayetaja mahali bila cheti anasimulia tu.

Kuhusu umri, wafanyabiashara kwa desturi huita "ya kale" pete iliyotimiza miaka 100. Tazama chapa iliyo upande wa ndani: 375 ni dhahabu ya karati 9, 585 ni karati 14, 750 ni karati 18, na 916 ni karati 22. Chapa rasmi za Uingereza mara nyingi huwa pia na herufi inayoonyesha mwaka. Kisha tazama uchakavu. Pete iliyovaliwa kwa miongo mingi huwa na makucha yaliyolika na duara lililokonda. Makucha mapya kwenye pete ya kale yanaweza kuwa matengenezo halali, lakini uliza kama jiwe nalo lilibadilishwa. Makucha yaliyolika yatengenezwe kabla pete haijavaliwa, maana jiwe likidondoka barabarani halirudi.

Uzito, mwanga na bei

Neno karati lina maana mbili. Kwa dhahabu hupima usafi. Kwa jiwe hupima uzito, na karati 1 ni gramu 0.2. Pete yenye uzito wa gramu 4 haina jiwe la karati 20, kwa kuwa uzito mwingi ni wa dhahabu. Uliza uzito wa jiwe peke yake, na hakikisha mizani inayotumika imehakikiwa na Wakala wa Vipimo.

Litazame jiwe mlangoni kwa mwanga wa mchana, kisha kivulini, kisha chini ya balbu ya kawaida. Yapo mawe yanayong'aa chini ya taa za duka na kuwa meusi jioni. Pia litazame moja kwa moja kutoka juu. Ukiona kidole chako kupitia katikati ya jiwe kama kupitia dirishani, mkato wake ni wa kina kifupi mno, na bei inapaswa kupungua.

Mnunuzi ajiepushe na mawe ghafi yanayouzwa vichochoroni kwa ahadi ya kumpatia pete ya bei ndogo. Chini ya Sheria ya Madini, Sura ya 123, kumiliki au kufanya biashara ya madini ghafi bila idhini ni kosa. Mbali na hasara ya fedha, mnunuzi huweza kujikuta mashakani.

Cheti na stakabadhi

Cheti cha maabara hueleza jiwe ni nini, ni la asili au la, na limefanyiwa nini. Hati ya tathmini hutaja bei tu, mara nyingi kwa ajili ya bima, na si ahadi kwamba utapata bei hiyo ukiuza. Usikubali hati ya tathmini mahali pa cheti. Linganisha uzito na vipimo vilivyo kwenye cheti na jiwe lililo mbele yako, na kama maabara ina tovuti, ihakiki namba ya cheti humo.

Kwa mujibu wa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, bidhaa inayouzwa kwa maelezo sharti ilingane na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza udanganyifu katika biashara, na mlaji aliyepotoshwa anaweza kuwasilisha malalamiko Tume ya Ushindani. Kinga hizi zina nguvu pale maelezo yanapoweza kuthibitishwa. Risiti ya mashine ya kodi ni lazima, lakini mara nyingi ina maneno machache. Omba pia ankara yenye maelezo kama haya:

"Pete ya dhahabu ya karati 18, yenye yakuti samawi moja ya asili, karati 1.50, haijachomwa. Mnunuzi atarudishiwa fedha zote iwapo maabara ya vito itabainisha vinginevyo ndani ya siku 30."

Muuzaji mwaminifu hana sababu ya kukataa kuandika alichokisema. Akikataa neno moja, mathalani "haijachomwa", basi usililipie neno hilo.

Turudi kwa kijana wetu. Hakuhitaji kuwa mtaalamu wa vito. Alihitaji maneno matatu tu katika stakabadhi, "safaya ya asili", nayo yangemwezesha kudai fedha zake. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini pete ya mwaka 1925 inaweza kuwa na jiwe la kutengenezwa?
2. Taja tofauti kati ya jiwe la maabara na jiwe la bandia.
3. Kwa nini fundi aelezwe iwapo jiwe limejazwa kioo?
4. Chukua stakabadhi ya kito chochote ulichonacho nyumbani. Je, inataja jiwe, asili yake na uzito wake? Kama haitaji, rudi kwa muuzaji ukamwombe aandike mambo hayo.