Kosa si Kosa: Programu za Tarakilishi, Hisabati na Mwanafunzi Mpya wa Chuo Kikuu

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Aghalabu methali hii hutajwa katika mihadhara ya fasihi simulizi, lakini huenda inahitajika zaidi katika ukumbi wa hisabati wa mwaka wa kwanza. Mwanafunzi aliyezoea mwalimu anayemjua kwa jina hujikuta miongoni mwa mamia ya wenzake mbele ya mhadhiri mmoja. Hufanya zoezi wiki hii, akarudishiwa karatasi baada ya majuma kadhaa ikiwa na alama nyekundu isiyo na maelezo. Kufikia hapo, kosa lile lile amekwisha kulirudia mara kumi. Wala hili si tatizo la wanahisabati pekee. Wanafunzi wa uchumi, uhandisi, takwimu na kilimo wote hupitia mlango huo, na wengine hukwama hapo.

Makala haya yananuia kueleza jinsi programu za tarakilishi zinavyoweza kumsaidia mwanafunzi huyu. Yananuia pia kuonyesha kwamba manufaa ya programu hizo hutegemea sana lugha ya mrejesho wake, jambo ambalo linatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili.

Programu husahihishaje?

Mfano mzuri ni STACK, programu iliyoanzishwa na Chris Sangwin katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, mnamo mwaka 2004. Hutolewa bila malipo, huweza kufanya kazi ndani ya mfumo wa masomo wa Moodle, na hutumia programu nyingine iitwayo Maxima kukokotoa aljebra. Hapa Kenya, Chuo Kikuu cha Maseno kilianza kuitumia mwaka 2019.

Programu hii haimlazimu mwanafunzi kuchagua jibu kati ya A, B, C na D. Mwanafunzi huandika jibu lake mwenyewe. Tuseme ameagizwa kufungua mabano ya (x + 3)². Akiandika x² + 6x + 9, au 9 + 6x + x², programu hutoa jibu lake kutoka kwa jibu la mhadhiri. Tofauti ikiwa sifuri, majibu hayo yana thamani moja hata kama yameandikwa kwa mpangilio tofauti.

Je, akiandika x² + 9? Kila mwalimu analijua kosa hili. Mhadhiri mwenye tajriba hulitabiri anapotunga swali, akaliandalia maelezo mapema, kwa mfano: "Umezidisha x kwa x, na 3 kwa 3. Kumbuka kwamba kila kilichomo katika bano la kwanza huzidishwa kwa kila kilichomo katika bano la pili. Jaribu x = 1. Je, 4² ni sawa na 1 + 9?" Mwanafunzi huyapata maelezo haya papo hapo, kabla kosa halijawa mazoea. Isitoshe, tarakimu zinaweza kubadilishwa kwa kila mwanafunzi: huyu akapewa 3, yule 5. Kunakili jibu la jirani hakufai kitu, na mwenye kutaka kurudia zoezi mara ishirini anaweza.

Pale lugha inapokwamisha

Hapa nieleze niliyoyashuhudia. Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza, jirani yangu bwenini, alitakiwa kuandika 2x² + 10x + 12 kwa umbo la vigawo. Aliandika (2x + 4)(x + 3). Programu ikamjibu kwa Kiingereza kwamba bado kulikuwa na kazi ya kufanya kwenye 2x + 4. Aliyasoma maneno yale kuwa amekosea hesabu. Akafuta kila kitu, akaanza upya, na jioni nzima ikapotea akitafuta tarakimu ambazo hazikuwa na kasoro. Aliponiuliza, "Kaka, nimekosea wapi?" nilimwambia, "Hesabu yako ni sawa, ila bano la kwanza lina 2 ambayo bado hujaitoa nje." Akaandika 2(x + 2)(x + 3) papo hapo.

Kijana huyu aliijua hisabati, na programu haikumdanganya. Kilichokosekana ni sentensi moja ya kumweleza kilicho sahihi kabla ya kumweleza kilichosalia.

Huenda msomaji akauliza kama Kiswahili kina istilahi za kutosha. Msingi upo. Shule za msingi za Tanzania zimefundisha hisabati kwa Kiswahili kwa miongo mingi, na wanafunzi wake wanazijua istilahi kama mlinganyo, kipeo na kipeuo. Tazama pia kigawo na kigawe: yote mawili yametokana na kitenzi gawa, na irabu ya mwisho ndiyo inayotenganisha kinachogawanya na kinachogawanywa. Hata upande wa tarakilishi hatuanzi na sifuri, kwani Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, ilitolewa Dar es Salaam mwaka 2004.

Sipendekezi Kiingereza kiondolewe, maana mtihani ungali kwa lugha hiyo. Ninapendekeza mrejesho wa Kiswahili uwekwe sambamba nacho. Wanachama wetu wanaweza kuketi na wanafunzi wa hisabati, wakakusanya makosa kumi yanayorudiwa sana, kisha wakaandika maelezo kwa kufuata mambo matatu: kutaja kwanza kilicho sahihi, kuonyesha mahali hasa pa kosa, na kumalizia kwa swali linalomrudisha mwanafunzi kazini.

Mipaka

Programu hizi si dawa ya kila ugonjwa. Zinahitaji umeme, mtandao na kifaa, na si kila bweni lina vyote vitatu. Mara nyingi huliona jibu la mwisho tu, wala si njia iliyofuatwa. Kosa ambalo mtunzi hakulitabiri hupata mrejesho wa jumla usiosaidia sana. Isitoshe, mgeni hutatizika kuandika alama za hisabati kwa kibodi. Kwa hivyo, mhadhiri na vikundi vya masomo vingali vinahitajika.

Hitimisho

Tumeona kwamba tarakilishi inaweza kumfikia mwanafunzi mahali ambapo mhadhiri mmoja hawezi kuwafikia mamia. Hata hivyo, anayeamua iwapo mwanafunzi ataelewa ni yule aliyeiandikia sentensi zake. Wengi wetu tuliikimbia hisabati tulipochagua Kiswahili. Huenda sasa tukairudia kwa mlango wa lugha, tukawafaa wadogo zetu wanaokesha wakifuta majibu yaliyo sahihi.