SOMO: Mwanamke aliyetekwa hana hatia

Katika kambi na vijiji vyetu wako mama na mabinti waliochukuliwa kwa nguvu na watu wenye silaha, kisha wakarudi. Tuwapokee namna gani? Habari ya Jilfidan, mwanamke wa zamani, inaweza kutusaidia.

Alichukuliwa akiwa mtoto

Jilfidan alizaliwa Circassia, upande wa Bahari Nyeusi. Baba yake alikuwa mkulima. Siku ya vita, wazazi wake waliuawa, na watoto watatu wakachukuliwa: yeye, kaka yake na mdogo wake wa kike. Walitenganishwa, naye hakupata tena habari zao. Alifika katika nyumba ya Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, akiwa na miaka 7 au 8 tu.

Nyumba nzuri, lakini si uhuru

Alikula vizuri na kuvaa vizuri. Alilelewa pamoja na binti wawili wa sultani. Alipokua, sultani alimfanya suria. Sheria ya utumwa haikudai kwamba aulizwe kama anakubali. Sultani alipofariki mwaka 1856, aliacha masuria 75. Wengi wao walikuwa wametolewa mbali, kama Circassia na Ethiopia.

Kwa sheria, mtoto wa suria na sultani alikuwa huru, na hakuitwa mtumwa. Lakini mama mwenyewe alingoja kifo cha bwana wake ndipo awe huru. Jilfidan alifariki mwaka 1859 kwa kipindupindu: alipata miaka 3 tu ya uhuru.

Moyo wake haukufa

Jilfidan alijifunza kusoma. Mtu alipougua, alikwenda kumtunza na kumsomea maneno ya faraja. Tunayajua haya kwa sababu binti yake Salme, aliyezaliwa mwaka 1844, aliyaandika katika kitabu chake cha mwaka 1886.

Tunajifunza nini?

- Aliyetekwa hakuchagua. Tusimwulize, «Kwa nini hukutoroka?» Hata kama alipewa nguo na chakula, alikuwa mfungwa.
- Mtoto aliyezaliwa huko ni mtoto wetu. Tusimpe jina la aibu wala la adui. Apate jamaa, jina na masomo.
- Aliyeteswa bado ana akili na kazi ya kufanya. Tumpe nafasi katika mikutano na vikundi vyetu.
- Tusimlazimishe kusimulia. Akitaka kusema, tumsikilize na tutunze siri yake.

Viongozi, watu hufuata mfano wenu. Ninyi mkimsalimu kwa heshima mbele ya wote, na majirani watamsalimu.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni maneno gani tunayosema yanayowaumiza waliorudi?
2. Katika mtaa wetu, nani anaweza kumsindikiza mama aliyerudi mpaka kituo cha afya?
3. Tufanye nini wiki hii ili mtoto wake akubaliwe na jamaa?