Pesa ya Chama, Simba wa Kisumu na Sokwe wa Entebbe: Kupanga Safari Ukiwa Namboboto

Swali hili lilitufikia kutoka kwa mweka hazina wa chama kidogo huko Namboboto. Ni akina mama sita wanaouza omena na mitumba. Kila mmoja anachanga shilingi 1,000 kwa wiki, kwa wiki 16, ili likizo ya Agosti kila mama na mtoto wake mmoja waende kuona wanyama: Kisumu, Nairobi na Entebbe. Hesabu ikikamilika ni shilingi 96,000, na zote ziko kwenye laini ya huyu mama mmoja. Aliuliza njia rahisi ya kulipia viingilio. Lakini mwisho wa meseji yake akaongeza kwamba tangu pesa ipite elfu thelathini, anaamka usiku kuangalia salio.

Tuseme ukweli, hilo la mwisho ndilo swali lenyewe. Viingilio hulipwa kwa dakika tatu. Pesa ya watu sita kwenye simu ya mtu mmoja, ndani ya matatu, ikivuka mpaka wa nchi mbili, hiyo ndiyo kazi. Kwa hivyo tumejibu kwa urefu, na kama nawe una chama chenye mpango wa aina hii, soma pamoja nasi.

Nairobi ingoje

Tuanze na ramani, kwa sababu ramani ndiyo inayokula pesa nyingi kuliko tiketi. Watu wengi wa Busia wakisikia "kuona wanyama" hufikiria Nairobi kwanza: kituo cha wanyama yatima kilicho kwenye lango la Mbuga ya Nairobi, barabara ya Lang'ata, na Giraffe Centre ambapo mtoto anamlisha twiga mkononi. Ni mahali pazuri, hatukatai. Lakini kutoka Busia hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 400. Kutoka Busia hadi Kampala ni kama kilomita 200, ongeza 40 hivi ufike Entebbe. Yaani sisi wa mpakani tuko karibu na sokwe wa Entebbe kuliko twiga wa Lang'ata, ila kichwani tunaona Uganda ni mbali kwa sababu kuna geti katikati.

Kwa shilingi 96,000 na watu 12, ushauri wetu ni kuacha Nairobi mwaka huu. Fanyeni Kisumu na Entebbe, na msizifanye kwa safari moja. Kisumu iko mashariki, Entebbe iko magharibi. Mkiziunganisha mtarudi pale pale mlipotoka mkiwa mmechoka na mafuta yameisha. Kisumu iwe Jumamosi moja mwanzoni mwa likizo, Entebbe iwe siku tatu wiki mbili baadaye.

Kisumu kwanza, kama mazoezi

Kisumu Impala Sanctuary ni hifadhi ndogo sana, karibu kilomita moja ya mraba tu, kando ya Ziwa Victoria, kama kilomita tatu kutoka katikati ya mji. Ilitangazwa rasmi mwaka 1992 ili kulinda swala pala wa mwisho waliobaki maeneo hayo. Swala hao wanatembea wenyewe nyasini, na ndani ya vizimba kuna simba, chui, duma na fisi. Kwa mtoto ambaye amemwona simba kwenye kitabu tu, inatosha kabisa. Tena udogo wake ni faida: asubuhi moja mmeizunguka yote kwa miguu, mchana mko Dunga mnakula samaki, jioni mko nyumbani. Njia ni ile barabara kuu ya Ugunja na Maseno, na pale Maseno mnapita juu ya ikweta. Simamisheni gari mpige picha. Hiyo ni bure.

Hapa ndipo somo la kwanza la malipo linapoingia. Hifadhi hii iko chini ya KWS, na KWS haipokei pesa taslimu langoni. Viingilio hulipwa kupitia eCitizen. Unafungua akaunti, unachagua hifadhi, tarehe na idadi ya watu wazima na watoto, kisha mfumo unakupa namba ya malipo. Paybill ni 222222, ile ya huduma zote za serikali, na kwenye sehemu ya akaunti unaandika ile namba uliyopewa na mfumo. Bei inategemea umri na uraia, kwa hivyo itazame hapo hapo kwenye mfumo siku unayolipa, usitegemee bango la Facebook la mwaka juzi. Beba vitambulisho, maana langoni wanaweza kuviomba.

Lipieni Ijumaa jioni mkiwa nyumbani, si Jumamosi mkiwa langoni. Langoni mtandao unaweza kusumbua, betri inaweza kuisha, watoto wamekwisha kushuka wanaruka, na hapo ndipo watu hubonyeza namba vibaya. Ukishalipa, piga picha ya skrini yenye risiti na uitume kwa wenzako wawili. Simu moja ikizima, nyingine ipo. Ukiweza, pita saiba uichapishe. Karatasi haiishi chaji.

Kwa nini tunaita Kisumu mazoezi? Kwa sababu siku hiyo chama kitajua mambo ambayo hakuna anayeyajua kikaoni: nani anashika PIN vizuri, nani anasahau kuomba risiti, watoto wanakula kiasi gani. Ni heri mjue hayo mkiwa saa chache kutoka nyumbani.

Pesa isilale kwenye simu moja

Sasa turudi kwa yule mama asiyelala. Tunapendekeza mambo ambayo yanaweza kumpa usingizi kuanzia wiki hii.

La kwanza, pesa ambayo haitumiki kabla ya Agosti isikae kwenye laini ya kila siku, ile ile anayonunulia omena na kutumiwa na wateja. Kama chama kina akaunti ya sacco au benki yenye sahihi za watu watatu, apeleke huko kila Ijumaa. Kama hakina, afungue laini ya pili ya chama peke yake, isiyotumika kwa jambo lingine, na kadi yake asiiweke kwenye simu anayotembea nayo sokoni. Sheria ni moja: pesa ya chama na pesa ya biashara zisikutane. Zikikutana, hata mtu mwaminifu kabisa hujikuta amekopa bila kukusudia, halafu anaanza kuogopa kikao.

La pili, kila mchango uingie kwa simu, si mkononi. Mama akileta noti ya elfu, mwambie aipeleke kwa ajenti na kuituma. Najua, kuna makato. Lakini makato hayo madogo yananunua ushahidi: tarehe, saa, jina, kiasi. Mwezi Julai mkibishana nani hakulipa wiki ya sita, utaomba taarifa ya akaunti, na taarifa haina rafiki wala shemeji. Mweka hazina aisome mbele ya wote mara moja kwa mwezi. Hilo halina maana kwamba haaminiki. Linamlinda yeye kwanza.

La tatu, wiki ya safari igaweni pesa. Mtu mmoja abebe ya usafiri, mwingine ya malazi na viingilio, wa tatu ya chakula na dharura. Kila mmoja kwenye laini yake, na kila mmoja anajua PIN yake peke yake. Simu ikidondoka ziwani au ikiibwa stendi, mmepoteza sehemu, hamjapoteza safari. Na namba ya kufunga laini ya kila mmoja iandikwe kwenye daftari, kwa sababu namba iliyohifadhiwa ndani ya simu iliyoibwa haisaidii mtu.

Tuongeze onyo moja hapa. Kipindi cha likizo hujitokeza "maajenti wa safari" kwenye makundi ya WhatsApp, wanatoa bei tamu na kutaka nusu itumwe leo leo kwa namba ya mtu binafsi. Usitume. Kampuni halisi ina Till au Paybill, na ukiingiza namba unaonyeshwa jina kabla malipo hayajakamilika. Jina likiwa si la kampuni mliyozungumza nayo, bonyeza kuondoka. Hakuna ofa ya safari inayoharibika kwa kungoja hadi kesho asubuhi.

Kuvuka Busia

Kituo cha mpaka cha Busia ni cha pamoja tangu 2018: maafisa wa Kenya na Uganda wanakaa jengo moja, upande wa nchi unayoingia. Kwa Mkenya mtu mzima, kitambulisho cha taifa kinatosha kuingia Uganda. Watoto ndio huwakwamisha watu. Mtoto hana kitambulisho, kwa hivyo mwombee hati ya kusafiria mapema kupitia eCitizen, na mbebe cheti chake cha kuzaliwa. Bebeni pia vyeti vya chanjo ya homa ya manjano. Kikundi cha watu 12 kikirudishwa kwa sababu ya karatasi ya mtoto mmoja, malipo ya gari na nyumba ya wageni hayarudi. Gharama za hati hizi ziwe kwenye bajeti tangu wiki ya kwanza.

Gari je? Gari la Kenya likivuka linahitaji bima ya COMESA, ile kadi ya njano, na kibali cha forodha cha kuliingiza kwa muda. Kama gari si lenu, mtahitaji pia barua ya mwenyewe. Kwa chama kidogo tunaona ni usumbufu. Pandeni gari la kwenu hadi Busia, vukeni kwa miguu, halafu kodini gari upande wa pili. Waganda huita matatu "teksi", basi msishangae mkiulizwa kama mnataka teksi ya watu 14.

Kuhusu simu, watu wa Sio Port na Funyula wanalijua hili: simu inakukaribisha Uganda ukiwa bado unakunywa chai Kenya. Ukikaribia mpaka, nenda kwenye mipangilio uchague mtandao wako kwa mkono ili usihame wenyewe. Malipo yoyote ya Kenya yaliyobaki yamalizeni kabla ya kuvuka. Ukiwa roming, meseji ya uthibitisho inaweza kuchelewa, na mtu akiwa na wasiwasi hulipa mara mbili.

Kisha pesa yenyewe. Msibadilishe zote mpakani kwa mkupuo. Tufanye hesabu ya mfano: mnabadilisha KSh 40,000. Kwa kiwango cha 27 mnapata USh 1,080,000. Anayewapa 26 anawapa 1,040,000. Tofauti ya namba moja tu ni shilingi 40,000 za Uganda, na kwa mbio za stendi hakuna anayeiona. Tazama kiwango cha siku kwenye simu kabla hujazungumza na mtu yeyote, na badilisheni ndani ya ofisi yenye leseni, mkihesabu mkiwa hapo hapo.

Njia nyingine ni kutuma kutoka simu ya Kenya kwenda simu ya Uganda. Basamia tuko pande zote mbili, na nyumba nyingi za Namboboto zina shangazi au mjomba kule. Kabla ya kuweka PIN, menyu inakuonyesha kiwango na makato, kwa hivyo linganisha na ofisi ya mpakani. Kumbuka tu kwamba Uganda ina kodi ya asilimia 0.5 kwa pesa inayotolewa kwa ajenti: ukitoa 1,000,000, kodi ni 5,000, bila kuhesabu makato ya kutoa. Kodi hiyo inakatwa kwenye kutoa. Kwa hiyo nyumba ya wageni ikipokea malipo ya simu, mjomba awalipie moja kwa moja badala ya kutoa taslimu na kuzibeba.

Lakini taslimu kidogo lazima iwepo. Baada ya Jinja na daraja jipya la Mto Nile, gari litasimama Namawojjolo, na kuku wa kuchoma na gonja zitaingia dirishani kabla hamjasema lolote. Pale mambo ni haraka, chenji mkononi. Na kama dereva atapita barabara ya haraka ya Entebbe, gari dogo hulipa 5,000. Kubalianeni mapema nani anailipa.

Entebbe

Kituo cha Entebbe, kinachojulikana kwa kifupi kama UWEC, kilianza mwaka 1952 kama makao ya wanyama yatima, baadaye kikawa zuu ya kawaida, na tangu miaka ya 1990 ni kituo cha elimu ya wanyamapori. Wengi wa wanyama wake waliokolewa: sokwe walionyang'anywa wawindaji, kasuku wa kijivu walionaswa kwa wasafirishaji haramu. Waelezeni watoto hilo wakiwa mbele ya kizimba. Watauliza maswali mazuri kuliko ya "anakula nini". Yupo pia yule ndege mkubwa mwenye mdomo kama kiatu, na vifaru. Tengeni siku nzima na mlale Entebbe usiku wa kabla, mwingie asubuhi wanyama wakiwa macho.

Kisiwa cha Ngamba, chenye sokwe waliookolewa tangu 1998, kiko hapo karibu ziwani. Boti yake si ya bajeti ya chama hiki. Kiwekeni mwakani.

Siku ya kurudi, wale watatu wenye pesa wakae pamoja jioni iliyotangulia, kila mmoja asome salio na meseji zake, na mtu aandike kilichobaki. Shilingi za Uganda zilizobaki msirudi nazo Namboboto zikakae kabatini. Nunueni mchele au matoke Busia ya Uganda kabla ya kuvuka, mgawane kwa sita.